Kisale, Ziwa

Ziwa la mkoa wa Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika bonde la Upemba ambamo mto Lualaba hupita. Mkazi wa Kamina, makao makuu ya mkoa, yuko mbali na bahari upande wowote. Akitaka visiwa, huku ndiko karibu. Njia ya kawaida ni garimoshi hadi Bukama, ambako Lualaba huanza kupitika kwa vyombo, kisha chombo cha mto hadi Kikondja.

Visiwa vyenyewe si vya mchanga. Ni mafunjo yaliyosukana mizizi, yakaelea, na wavuvi Waluba hujenga vibanda juu yake. Anayekanyaga kwa mara ya kwanza huhisi ardhi ikibonyea chini ya nyayo. Cha kufanya ni kupanda mtumbwi, kutazama ndege wa majini na nyavu zikitegwa, na kula samaki aliyevuliwa siku hiyohiyo. Kuogelea hakushauriwi: kuna mamba, viboko na kichocho.

Kando ya ziwa yapo makaburi ya Sanga, yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia kuanzia mwaka 1957. Vyungu, vito vya shaba na zana za chuma vilivyopatikana huonyesha ufundi wa hali ya juu kati ya karne ya 8 na ya 13. Baadaye misalaba midogo ya shaba ilitumika kama fedha.

Kiangazi, Mei hadi Septemba, ndiyo majira mazuri ya safari.