Kustaafu: hesabu ya Mwalimu wa Nyamache

Mwalimu wangu wa darasa la saba pale Likoni alikuwa Mkisii wa Nyamache. Alifundisha Pwani kwa zaidi ya miaka 30, akajua Kiswahili chetu hadi mafumbo yake, kisha alipofika miaka 60 akafunga mizigo akarudi kwao. Mwezi uliopita nilipanda basi la usiku hadi Nairobi, nikaunganisha hadi Kisii, na kutoka hapo nikapanda matatu kuelekea Nyamache, kwenye vilima vya majani chai na migomba huko Bobasi. Nilikwenda kumjulia hali. Ukweli ni kwamba nilikuwa na langu pia: nina miaka 46, na ndani ya mkoba nilibeba rasimu ya barua ya kuacha kazi nitakapofika 50.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitazama ama umekuja kuniuliza?"

Alinijua tangu utotoni. Nikamwambia nimekuja kuuliza. Niliyoyapata naandika hapa kwa faida ya wasomaji wetu, maana wengi wanafikiria kustaafu siku barua inapofika, na siku hiyo huwa wamechelewa.

Sheria inasemaje kuhusu umri

Mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Zamani ilikuwa 55; umri ulipandishwa mwaka 2009. Mwenye ulemavu huruhusiwa kufika 65. Anayetaka kuondoka mapema kwa hiari anaweza kuomba akishatimiza 50.

Kwa upande wa NSSF, mafao ya uzeeni hulipwa kuanzia miaka 60, na aliyeacha ajira anaweza kuyadai kuanzia 50. Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 ilikwama mahakamani kwa miaka mingi, ikaanza kutekelezwa Februari 2023. Chini yake mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara hadi kiwango maalumu, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Ikiwa mwajiri wako anakukata, hakikisha pesa zinafika: omba taarifa ya akaunti yako kila mwaka, usingoje uzee.

Watumishi wa serikali kuu, walimu na polisi wako katika makundi mawili. Tangu 1 Januari 2021 kuna mpango mpya wa kuchangia: mfanyakazi hutoa asilimia 7.5 na serikali asilimia 15. Waliokuwa chini ya miaka 45 wakati huo waliingizwa kwa lazima. Waliokuwa na 45 na zaidi waliachiwa wachague. Mwalimu wangu alibaki katika mpango wa zamani, ambao mfanyakazi hana akaunti ya akiba, bali hulipwa kwa kanuni.

Kanuni yenyewe

Mwalimu alichukua kipande cha chaki, akaandika kwenye mlango wa ghala kama bado yuko darasani. Chukua mshahara wa msingi wa mwaka, zidisha kwa miezi uliyofanya kazi, gawanya kwa 480. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Robo yake ukizidisha kwa 20 unapata kiinua mgongo cha mara moja. Robo tatu zilizobaki, ukigawanya kwa 12, ndiyo pensheni ya kila mwezi.

Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, pensheni yake kamili ni 360,000 kwa mwaka. Kiinua mgongo ni 1,800,000, na kila mwezi atapokea 22,500.

Mtu huyo huyo angeondoka baada ya miaka 20, kwa mshahara ule ule, angepata kiinua mgongo cha 1,200,000 na 15,000 kwa mwezi. Kwa hiyo miaka kumi ya ziada ni 7,500 kila mwezi hadi mwisho wa uhai, na 600,000 mkononi, bado hujahesabu nyongeza za mshahara katika miaka hiyo. Kumbuka pia kwamba marupurupu ya nyumba na usafiri hayamo. Anayeishi kwa marupurupu ataona kishindo.

Maswali matatu kabla ya barua

Hesabu ya pesa ni moja. Mwalimu aliniuliza mengine.

La kwanza: "Mtoto wako wa mwisho ana miaka mingapi?" Wangu ana saba. Nikifika 50 atakuwa na 11, bado shule ya msingi. Nikifika 60 atakuwa na 21. Sikuwa nimewahi kuziweka pamoja hesabu hizo mbili.

La pili: "Nani atakutibu?" Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mshahara ukikatika, na makato yanakatika. Unahesabiwa kama asiye na ajira rasmi, unapimwa uwezo wa nyumba yako na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Anayestaafu bila kuweka pesa hizo kando anaingia uzeeni bila bima, na umri huo ndio wa sukari na presha.

La tatu: "Jumatatu asubuhi utakuwa wapi?" Hapo nilinyamaza.

Kiinua mgongo na wageni wake

Baba yangu alistaafu akiwa na 55, akiwa karani mjini Mombasa. Kiinua mgongo kilipoingia, nyumba ilijaa watu tuliokuwa hatuwaoni hata Idi. Alinunua matatu kuukuu, na miezi minane baadaye ikawa chuma cha kulalia kuku. Alibaki na pensheni ndogo na aibu kubwa, akawa hatoki hata barazani. Nilikuwa kijana, nikadhani ni uvivu. Sasa naelewa.

Mwalimu aliweka pesa zake mahali zisipofikika kwa miezi sita, asifanye uamuzi wowote. Mwanawe mkubwa alitaka mtaji wa duka, wakakosana hata wakaacha kusemezana. Baadaye alimpa sehemu, kwa maandishi, mbele ya mama yake. Alikarabati paa, akanunua ng'ombe mmoja wa maziwa, na shamba lake la chai lilikuwa tayari: alilipanda miaka 15 kabla ya kustaafu, kidogo kidogo kila likizo. Wakulima wa huko hupeleka majani kituoni, hulipwa kila mwezi, na bonasi huja mwisho wa mwaka wa chai. Kwa hiyo mshahara wake ulipokoma, kulikuwa na pesa nyingine inayoingia kila mwezi.

Sisi wa Pwani hatuna chai, lakini kuna minazi, mikorosho, vyumba vya kupangisha, na kwa wasio na mwajiri kuna akiba ya hiari kama Haba Haba ya NSSF, ambayo huanza na shilingi 25 kwa siku. Anayeogopa riba, tangu mwaka 2008 nchini kuna benki zinazoendeshwa Kiislamu.

Jambo jingine kwetu Waislamu: majina ya wanaorithi mafao uliyoandika miaka 20 iliyopita huenda bado ni ya marehemu, au ya mke mliyeachana. Yasahihishe. Andika wasia, ukijua hauzidi theluthi moja na hauelekezwi kwa mrithi. Mengine yana mafungu yake, na Mahakama ya Kadhi ina mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu chini ya kifungu cha 170 cha Katiba. Ukiondoka bila kuandika deni zako, unawaachia watoto ugomvi.

Miezi ile mitatu

Nilimuuliza Mwalimu kipi kilimshinda. Hakutaja pesa. Alisema miezi mitatu ya mwanzo aliamka saa kumi na moja alfajiri, akanyoa ndevu, akavaa koti, akakaa kwenye kiti hadi saa nne. Mkewe alivumilia, kisha siku moja akamwambia: "Mwalimu, nyumba hii haina kengele."

Alicheka aliponisimulia, lakini mkewe, aliyekuwa akitutilia chai, hakucheka. Aliniambia kando kwamba mwaka ule wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko miaka yote aliyokaa peke yake huko bara mumewe akiwa Likoni. Walikuwa wamezoea likizo tu. Sasa ilibidi wajuane upya, nani ashike ufunguo wa ghala, nani aamue ng'ombe auzwe lini.

Kilichomwokoa ni ratiba. Asubuhi shambani, mchana anapumzika, na alasiri mara mbili kwa wiki anawafundisha bure hesabu watoto wa majirani kwenye veranda. Nilimkuta nao. Bado anawatupia chaki wanaolala.

Usiku ule nilifungua mkoba, nikaitoa barua yangu, nikaandika nyuma yake hesabu za Mwalimu kwa mshahara wangu na NSSF yangu. Hazikutosha. Sitaacha kazi nikiwa na 50. Nitakaa, na kila mwaka kuanzia huu nitapanda kitu kimoja ambacho kitanilipa nisipokuwa na mshahara. Mwaka huu ni chumba kimoja cha kupangisha, Inshallah.

Nawe msomaji, chukua hati yako ya mshahara leo usiku, na kalamu. Ukiwa na mke au mume, mkae pamoja. Wabillahi tawfiq.