Kurekebisha Sauti za Kiwandani: Kutoka Gitaa la Bunkeya hadi Kinanda cha Kolwezi

Katika vinanda vingi vya elektroniki vilivyotengenezwa Japani na Ulaya tangu miaka ya 1980 kuna kitufe kilichoandikwa «Rumba». Mpigaji akikibonyeza, mashine humpatia ngoma, besi na gitaa vya kumsindikiza, naye hubakiwa na kazi ya kupiga wimbo kwa mkono wa kuume na kuashiria kodi kwa mkono wa kushoto. Lakini rumba itokayo hapo siyo inayojulikana Kolwezi, Likasi wala Lubumbashi. Ni rumba ya kumbi za dansi za Ulaya, ya mwendo wa kujizuia, isiyo na sebeni. Asili ni moja: baada ya mwaka 1930 wauzaji wa santuri waliuita «rumba» muziki wa Kuba ambao wenyewe waliuita son, na santuri hizo ndizo zilizofika Kongo. Wakongo wakaugeuza muziki huo kiasi kwamba mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha rumba ya Kongo kuwa urithi unaojitegemea. Kiwanda cha vinanda kilibaki na ile ya kumbi za dansi.

Husemwa mara kwa mara kwamba vinanda hivi vimeua upigaji wa gitaa katika ukanda wa shaba. Lawama hiyo ina msingi, lakini husahau kwamba gitaa lenyewe lilikuwa ala ya dukani, nalo halikuachwa na sauti liliyotoka nayo kiwandani.

Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya makambini watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa ndicho cha kusikilizana. Katika dunia hiyo ndimo alimokulia Mwenda Jean Bosco (1930–1990), Myeke wa Bunkeya, makao ya Msiri, ambayo leo yamo katika mkoa wa Lualaba. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya sasa. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume: gumba lilishika nyuzi nene, kidole cha shahada kikachambua nyembamba, na mapigo ya vidole hivyo yalipishana hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. David Rycroft alipotaka kuyaweka mapigo hayo katika maandishi, alihitaji makala mbili, zilizotoka mwaka 1961 na 1962 katika jarida la African Music. Édouard Masengo, jamaa yake Mwenda, alizoea kusindikizwa na chupa ya soda iliyogongwa kutunza mwendo. Hakuna mtengeneza magitaa wa Ulaya aliyekuwa na chupa hiyo akilini.

Gitaa la umeme nalo halikuachwa lilivyo. Wapigaji wa Kongo waliondoa uzi wa nne, ambao kwa Kifaransa huitwa re, wakafunga mahali pake uzi mwembamba na kuukaza mpaka ukasikika oktavu moja juu ya ule ulioondolewa. Gitaa lililofungwa hivyo liliitwa mi-composé, kwani mi ndiyo noti ya uzi mwembamba kuliko zote. Sauti yake ni kali na ya kumeta. Hukaa kati ya gitaa la solo na lile la kusindikiza bila kulifunika lolote. Kwa gharama ya uzi mmoja, ala ya kiwandani ilipewa kazi mpya.

Kinanda chenye kujisindikiza kilikuja katika wakati mgumu zaidi. Roland E-20, mojawapo ya vinanda vya mwanzo vya aina hiyo, ilitolewa mwaka 1988. Miaka miwili baadaye, mwezi Septemba 1990, sehemu ya mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi iliporomoka, na Gécamines, iliyokuwa imetoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufikisha tani 50,000 mwaka 1994. Mji ambao mishahara yake imekauka hauwezi kulisha bendi ya watu kumi. Mtu mmoja mwenye kinanda anaweza kuhudumia ibada na arusi. Ni vigumu kukilaumu kinanda kwa kufilisika kwa mgodi.

Mpigaji anayetaka sebeni katika mashine isiyo na sebeni hana budi kuijenga. Huanza na gitaa la kiwandani, ambalo sauti yake huvutika mno. Huipunguzia muda wa kufifia ili noti ikatike upesi, na huikaza mwanzo wake. Kisha hupandikiza juu yake gitaa la pili, oktavu moja juu na kwa sauti ndogo zaidi: hiyo ni mi-composé tena, safari hii pasipo uzi. Katika mdundo hunyamazisha besi ya kiwandani, huondoa baadhi ya ngoma, huongeza mwendo, na kuhifadhi yote katika nafasi iliyoachwa kwa mtumiaji. Maandishi ya kioo cha mashine huwa ya Kiingereza, majina ya noti ni ya Kifaransa, na maelekezo kwa mwanafunzi aliyekaa kando hutolewa kwa Kiswahili. Mwanaisimu angepata mengi hapo.

Tofauti kubwa iko katika uhifadhi. Mtindo wa Mwenda ulikaa vidoleni, ukaonekana kwa macho, na yeyote aliyeketi mbele yake aliweza kuuiga. Sauti iliyorekebishwa katika kinanda ni mfululizo wa tarakimu usioonekana, uliofungwa katika kumbukumbu ya mashine moja au katika disketi, na mara nyingi disketi ya kinanda kimoja haisomeki katika kingine. Betri ndogo ya ndani ikifa, vinanda vingi vya miaka hiyo hurudia sauti za kiwandani, na mpigaji akibonyeza «Rumba» husikia tena ile ya kumbi za dansi.