Hongo ya Oksijeni: Saratani, Mionzi na Damu ya Unyamwezi

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 haukutarajia kufika na mzigo kama ulivyofungwa. Ugogo peke yake ilitosha kuupunguza: kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wake wa njia, ya nguo na shanga, na mpagazi wa Kinyamwezi aliyerudi kwao alijua ni marobota mangapi yaliyoachwa nyuma. Njia ilikuwa wazi. Mali ndiyo iliyoliwa na waliokaa kando yake.

Mwaka 1955, huko Uingereza, watafiti R. H. Thomlinson na L. H. Gray walikuta jambo la namna hiyo ndani ya saratani ya mapafu. Walichunguza vipande vyembamba vya uvimbe kwa darubini, wakaona seli hai zimejipanga karibu na mishipa midogo ya damu, na zilizokaa mbali nayo zimekufa. Walipopiga hesabu walipata kwamba oksijeni inayotoka kwenye mshipa huishia mikromita 150 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya tano ya milimita, kwa sababu kila seli inayopitiwa huchukua fungu lake. Kati ya seli zilizoshiba na zilizokufa upo ukanda mwembamba wa seli zinazoishi kwa taabu, zina uhai lakini oksijeni haziipati. Hizo ndizo zinazowasumbua matabibu wa mionzi.

Mionzi huvunja maji yaliyomo ndani ya seli na kuzaa chembe kali zinazoijeruhi DNA. Oksijeni ikiwapo wakati huohuo, hushikamana na jeraha na kulifanya la kudumu. Isipokuwapo, majeraha mengi hujiunga tena. Seli iliyokosa oksijeni inaweza kuhitaji mionzi mara mbili na nusu hadi mara tatu ndipo ife kama mwenzake aliyeshiba. Kuongeza kipimo tu hakufai, maana ngozi, kibofu na utumbo vilivyo jirani vina oksijeni ya kutosha, na ndivyo vitakavyoungua kwanza.

Dalili zilikuwa zimeonekana mapema zaidi. Gottwald Schwarz wa Vienna aliandika mwaka 1909 kwamba ngozi iliyobanwa hadi ikapungukiwa damu iliungua kidogo kuliko isiyobanwa. Mwaka 1921 Hermann Holthusen, Mjerumani, aliona mayai ya michango yakistahimili mionzi pale yanaponyimwa oksijeni.

London ilijibu kwa mitambo. Katika Hospitali ya St Thomas', I. Churchill-Davidson alianza katikati ya miaka ya 1950 kuwalaza wagonjwa ndani ya tangi la oksijeni yenye mgandamizo mara tatu ya hewa ya kawaida, na kuwapiga mionzi wakiwa humohumo. Baadhi ya saratani za kichwa, shingo na mlango wa kizazi zilionyesha nafuu, ila tangi lilikuwa na usumbufu mwingi na mwishowe likaachwa. Zikaja dawa za kuiga kazi ya oksijeni. Misonidazoli ilidhuru neva. Nimorazoli ilikubalika Denmark, na mpaka leo haijatoka sana nje ya huko.

Kilichosaidia wengi zaidi ni ratiba. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa: seli zilizo karibu na mshipa zinapokufa, oksijeni huzifikia zilizokuwa nyuma yake, na kesho yake nazo hupatikana. Tiba ikikatika katikati, uvimbe hutumia nafasi hiyo kuzaliana upya. Ndiyo maana kuharibika kwa mashine pekee ya kobalti ya Mulago, Kampala, mwaka 2016 kulikuwa msiba kwa nchi nzima.

Umbali nao hukatisha tiba. Kwa mtu wa Nzega, mkoani Tabora, katika Unyamwezi uleule wa wapagazi, mionzi ina njia mbili, zote za kale. Moja ni ya mashariki hadi pwani, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 900. Nyingine ni ya kaskazini hadi Mwanza, upande aliopita mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1858 akitoka Tabora kulitafuta Ziwa Victoria. Kwa miongo kadhaa ilifaa ya mashariki tu, kwani Hospitali ya Bugando, huko Mwanza, ilianza tiba hii mwishoni mwa miaka ya 2010. Umbali huzaa kuchelewa. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, mara nyingi hufika uvimbe umekwisha kuwa mkubwa, wenye sehemu nyingi zisizofikiwa na damu, na huku mwenyewe anavuja damu. Hata kabla ya kuugua aliishi katika nchi ya malaria, kichocho na safura, pengine miaka mingi damu ikiwa chini naye akidhani ni uchovu wa jembe. Damu ndiyo mpagazi wa oksijeni: mzigo ukiwa mdogo tangu Bagamoyo, hongo itaumaliza mapema.

Je, kuongeza damu kunatosha? Huko Toronto, mtafiti R. S. Bush na wenzake waliona wagonjwa walioongezewa damu hadi kiwango cha juu wakirudiwa na uvimbe mara chache, lakini ushahidi huo umebishaniwa tangu hapo. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walitumia erithropoietini, homoni ya kuchochea damu, kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo: hemoglobini ikapanda, uvimbe ukadhibitiwa vibaya zaidi. Kwa hiyo namba kwenye karatasi ya maabara si tiba. Kutibu malaria na minyoo, hata hivyo, hakungoji mabishano hayo yaishe, na Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha Kanda ya Magharibi palepale Tabora. Mgonjwa akipimwa hemoglobini Nzega kabla ya kukata tiketi ya basi, upungufu wake unaweza kuanza kushughulikiwa nyumbani, karibu na ndugu wa kumtolea damu. Ukigunduliwa Dar es Salaam, wiki za kusubiri atazilipia chumba na chakula ugenini, na uvimbe hautamngoja.