Mfalme wa Wakanda na Kampala ya 1966

Aprili 1966 kampuni ya Marvel ya New York ilitoa toleo la 52 la katuni za Fantastic Four, na humo wasomaji wakakutana kwa mara ya kwanza na T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda. Tarehe 15 mwezi huohuo, hapa Kampala, Milton Obote alipitisha bungeni katiba mpya ambayo wabunge hawakuwa wameisoma. Waliambiwa nakala watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Tarehe 24 Mei jeshi lililoongozwa na Idi Amin likashambulia Lubiri, Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili, aliyekuwa pia Rais wa kwanza wa Uganda, alikimbilia uhamishoni, akafia London mwaka 1969.

Hakuna anayedai kwamba Stan Lee na Jack Kirby waliifikiria Mengo. Lakini tukiyasoma matukio haya sambamba, tunaona bunilizi ya kisayansi huakisi vuguvugu la nani. Msitu wa Wakanda aliouchora Kirby ni wa mitambo: matawi yake ni nyaya. Kwa Mmarekani aliyezoea kumwona Mwafrika wa hadithi za Tarzan akibeba mizigo, picha hiyo ilipindua mambo, tena mwaka mmoja tu baada ya sheria ya 1965 ya kulinda haki ya watu weusi kupiga kura.

Toleo la 53 linatugusa zaidi. Klaw, mgeni mzungu, anamuua baba yake T'Challa akitaka madini ya vibranium. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa. Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga, na ni Katanga hiyohiyo Lumumba alikouawa Januari 1961.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaosema Wakanda ni ndoto ya Mwafrika. Ni ndoto ya Marekani kuhusu Afrika. Aliyenyang'anywa historia yake hutafuta mfalme. Sisi tuliokuwa na wafalme tulikuwa tunagombana kama mfalme na bunge wanaweza kukaa nyumba moja. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote, hazikurudi hadi 1993. Katika Wakanda ya Kirby ugomvi huo haupo kabisa: mfalme ana sayansi, basi yatosha.

Huko kwao nako katuni ilikimbizana na siasa. Oktoba 1966 chama cha Black Panther kiliundwa Oakland, na mwaka 1972 Marvel ikambadilisha T'Challa jina kwa muda, akaitwa Black Leopard, asije akahusishwa na chama hicho. Lakini mwaka 1976 mwandishi Don McGregor na mchoraji Billy Graham, mmoja wa wachoraji weusi wachache wa Marvel, walimpeleka Georgia kupambana na Ku Klux Klan. Woga ulikuwa umepungua, au labda mauzo yaliruhusu.

Kisha, Aprili 2016, Ta-Nehisi Coates na mchoraji Brian Stelfreeze wakaianza hadithi upya. Safari hii raia wa Wakanda wanamwasi mfalme wao, na vita vinapokwisha wajumbe wanaitwa kuandika katiba. Mfalme anabaki, ila sasa na bunge.