Mwangwi wa Mlango wa Moyo

Mwaka 1953, mwanafizikia kijana Hellmuth Hertz alifika kwenye kiwanda cha kuunda meli cha Kockums, mjini Malmö, kusini mwa Sweden. Mafundi wa pale walikuwa na mashine ya kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma. Ilipeleka mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kisha ikasubiri mwangwi wake. Hertz hakuja kwa ajili ya chuma. Alikiweka kifaa kile kifuani mwake mwenyewe, na alama za mwangwi zikaanza kwenda na kurudi kwenye kioo, sawasawa na mapigo ya moyo wake.

Safari hiyo ilitokana na swali la Inge Edler, daktari wa moyo katika hospitali ya chuo kikuu mjini Lund. Edler alikuwa amemwuliza kama rada, iliyotumika vitani kutafuta ndege, ingeweza kutazama ndani ya kifua. Hertz alimwelekeza kwenye altrasaundi.

Swali la Edler lilikuwa la mtu aliyebanwa na uamuzi. Kati ya chumba cha juu na cha chini cha upande wa kushoto wa moyo kuna valvu ya mitrali, na anayetaka kuielewa aufikirie mlango wa mbao mbili. Damu ikija, mbao zinafunguka; moyo ukikaza kuisukuma mwilini, zinajifunga ili damu isirudi ilikotoka. Homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maambukizi ya koo utotoni, huuharibu mlango huu kwa njia mbili. Mbao zinaweza kugandamana pembeni, mlango ukabana. Au zinaweza kujikunja, mlango usifunge tena, damu ikarudi nyuma kila pigo. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na kasoro zote mbili.

Mlango uliobana ulikuwa na tiba. Mwaka 1925, mjini London, Henry Souttar alipitisha kidole ndani ya moyo wa msichana mmoja uliokuwa ukipiga, akaipanua valvu. Msichana alipona, lakini madaktari wenzake hawakumletea mgonjwa mwingine wa aina hiyo. Ikapita miaka zaidi ya 20. Charles Bailey wa Philadelphia alipojaribu tena, wagonjwa wake wanne wa mwanzo walifariki. Wa tano, tarehe 10 Juni 1948, aliishi, na baada yake upasuaji huo ukaenea.

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Kidole kinaweza kufungua mlango uliobana; hakiwezi kuufunga mlango unaovuja, na kinaweza kuuzidisha ubovu wake. Kwa hiyo kabla ya kisu, lazima mtu aseme mgonjwa huyu ni wa aina gani. Zana kuu ilikuwa sikio, likisaidiwa na stetoskopu iliyobuniwa Paris na Laennec mwaka 1816. Daktari aliyebobea alisikia mengi, lakini kasoro mbili zinapochanganyika katika moyo mmoja, sikio hupotea. Mrija uliopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni ulisaidia, ila nao uliacha mashaka, na mashaka hayo yaliingia na mgonjwa chumba cha upasuaji.

Tarehe 29 Oktoba 1953, Edler na Hertz, wakitumia mashine waliyoazimwa na kampuni ya Siemens, walirekodi mwangwi wa moyo uliokuwa ukitembea. Kilichoonekana hakikuwa picha. Kilikuwa mstari unaopanda na kushuka. Mwanzoni walidhani unatoka kwenye ukuta wa chumba cha juu. Baadaye, kwa kulinganisha vipimo na mioyo ya waliofariki, Edler aligundua kuwa ni ubao wa mbele wa valvu ya mitrali. Kosa hilo liligeuka kuwa neema. Katika moyo mzima mstari ulishuka kwa kasi. Katika valvu iliyobana ulishuka polepole, na kadiri ilivyobana ndivyo mteremko ulivyolala. Kwa mara ya kwanza, ubovu wa mlango ulionekana kwenye karatasi bila kumchoma mtu sindano.

Mengine yalifuata. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Norwei, akiwemo Dk. Liv Hatle wa Trondheim, walipima kasi ya damu inapopenya valvu na kuigeuza kuwa presha: zidisha kasi kwa yenyewe, kisha mara 4. Damu ikipita kwa mita 2 kwa sekunde, tofauti ya presha kati ya vyumba viwili ni takriban milimita 16 za zebaki. Katika miaka ya 1980, Kanji Inoue wa Japani alionyesha kuwa valvu inaweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa, bila kupasua kifua. Ni eko inayosema nani anafaa kwa puto: mbao bado ni laini au zimekuwa ngumu kama jiwe? Kuna damu iliyoganda chumba cha juu?

Katika nchi tajiri ugonjwa wenyewe ulikuwa ukiondoka, kwa nyumba zisizosongamana na kwa penisilini. Mashine iliyozaliwa kwa ajili yake ikapata kazi nyingine kule. Kwetu ugonjwa ulibaki. Afrika Mashariki wapo wanawake wanaoijua valvu yao kwa mara ya kwanza wakiwa wajawazito, damu inapoongezeka mwilini na pumzi kukata wakiwa wamelala tu.

Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya watoto wa shule waliopimwa Kambodia na Msumbiji. Kati ya watoto 2,170 wa Msumbiji, uchunguzi wa kawaida ulithibitisha wagonjwa 5. Eko iliwaona 66. Watoto hao walikuwa wakicheza uwanjani kama wenzao.

Lakini kumwona mtoto si kumtibu. Je, afanyiwe nini? Jibu lilitoka Uganda kaskazini. Watoto 818 waliogunduliwa kwa eko kuwa na dalili za mwanzo waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kati ya waliochomwa, valvu zilizidi kuharibika kwa watoto 3. Kati ya wasiochomwa, kwa 33.

Edler alitaka kujua ni mgonjwa gani daktari wa upasuaji amguse. Miaka karibu 70 baadaye, swali likawa ni mtoto gani muuguzi amchome sindano, miaka mingi kabla kisu hakijahitajika. Penisilini ni dawa ya zamani kuliko eko, na bei yake ni ndogo. Kinachotakiwa ni mtu wa kushika kifaa kifuani mwa mtoto asiyelalamika, na sindano ambayo wiki nne zikitimia itakuwepo zahanati.