Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nataka tuuchukue msemo huo tusafiri nao hadi mji wa Nice, ulio kusini mwa Ufaransa, tukaone kama ulitimia. Nauchagua mji huo kwa sababu huko ndiko ilikoshika mizizi desturi ambayo sisi watu wa pwani tunaifahamu vizuri: desturi ya Mzungu mwenye uwezo kuikimbia baridi ya kwao na kwenda kukaa miezi mitatu minne penye jua.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya kitalii huku kwetu. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, hakuwa na hata siku moja ya kupumzika. Masika yakiingia, aliitwa ofisini akaambiwa aende nyumbani akangoje kuitwa tena. Mwaka mmoja hakuitwa. Mimi nilipokuwa mtoto nilidhani mambo hayo ni kudura ya Mungu, kama mvua yenyewe. Nilipokuja kusoma historia ndipo nilipojua kwamba msimu wa watalii ni kitu kilichotengenezwa na watu, na kina tarehe zake.

Mwaka 1763 mwandishi wa Scotland, Tobias Smollett, ambaye pia alisomea udaktari, alikwenda Nice akiwa mgonjwa wa kifua. Wakati huo mji ulikuwa chini ya wafalme wa ukoo wa Savoy, haujawa wa Ufaransa. Alikaa huko hadi mwaka 1765, akawa anaandika hali ya hewa siku baada ya siku, na akioga baharini wenyeji wakimtazama kwa mshangao. Mwaka 1766 alichapisha kitabu cha safari zake. Wenyeji aliwasema vibaya mno, lakini hewa yao aliisifu. Waingereza wenye fedha wakasoma, wakafunga mizigo.

Siri ya mahali pale si kubwa. Nyuma ya mji ipo milima ya Alps inayozuia upepo wa baridi, na mbele ipo bahari inayohifadhi joto la kiangazi. Msinielewe vibaya: mchana wa Januari joto lake ni kama nyuzi 12 au 13 tu, na mtu wa Mombasa angetafuta blanketi la pili. Lakini kwa aliyetoka London, katika moshi na ukungu, hiyo ilikuwa neema.

Mwanzoni mwa miaka ya 1820 ulipita msimu mbaya wa baridi, mji ukajaa watu wenye njaa waliokuja kuombaomba. Kasisi mmoja Mwingereza, Lewis Way, pamoja na wageni wenzake, walichanga fedha wakawapa maskini hao kazi ya kujenga njia ya kutembelea kandokando ya bahari. Hiyo ndiyo barabara mashuhuri ya Nice hadi leo, yenye urefu wa kilomita 7 hivi. Na inaitwaje? Inaitwa Matembezi ya Waingereza. Waliovunja mawe walipata ujira wa siku. Waliotembea juu yake walipata jina.

Mwaka 1834 Lord Brougham, mwanasiasa mkubwa wa Uingereza, alizuiwa mpakani kwa sababu ya kipindupindu, akalazimika kulala Cannes, kijiji cha wavuvi. Akakipenda, akajenga nyumba, na matajiri wenzake wakamfuata. Mwaka 1860 Nice ikaingia Ufaransa, na mwaka 1864 reli ikaufikia mji. Malkia Victoria naye, katika uzee wake, alikwenda Nice kila mwaka kuanzia 1895 hadi 1899. Mashamba ya michungwa na mizeituni yakageuka viwanja vya hoteli na majumba.

Sasa tuulize: je, huyo mgeni mwenyewe alipona? Wengi walikuja kwa ajili ya kifua kikuu, maana madaktari waliamini kwamba hewa ya uvuguvugu huponya mapafu. Mwaka 1882 Mjerumani Robert Koch akatangaza kwamba ugonjwa ule huletwa na kijidudu, na kijidudu hakiogopi mandhari nzuri. Mchoraji Aubrey Beardsley alifia Menton, jirani na Nice, mwaka 1898 akiwa na miaka 25. Dawa ya kweli, streptomaisini, haikupatikana hadi mwaka 1943, tena ilitoka maabara, si ufukweni.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili. Katika zama hizo msimu wa Nice ulikuwa wa baridi tu. Kiangazi kikifika, hoteli zilifunga milango, na wapishi na wafuaji nguo wakarudi makwao kama mjomba wangu. Vita vya 1914 na mapinduzi ya Urusi ya 1917 viliwafilisi wengi wa wageni hao wa kale. Ndipo katika miaka ya 1920 na 1930 hoteli zikaanza kufunguliwa kiangazi, na mwaka 1936 sheria ikampa mfanyakazi wa Ufaransa likizo ya wiki mbili yenye malipo. Mtu wa kawaida naye akaanza kuiona bahari ya nchi yake. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia kama mji wa mapumziko ya majira ya baridi, ilhali msimu wake mkubwa leo ni kiangazi.

Huku kwetu ndege za kukodi zilianza kumwaga Wajerumani na wenzao kwa wingi katika miaka ya 1970, na pwani yetu ikafungwa kwenye kalenda ya baridi ya Ulaya. Mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimama kwa ajili ya korona, tuliona kilichotokea. Nazo hoteli zilipofunguliwa tena, aliyetangulia kuingia na begi lake alikuwa mwananchi.

Simfukuzi mgeni. Ninachosema ni kwamba msimu ulitengenezwa na watu, na watu wanaweza kuutengeneza upya, ili mpishi asihesabu miezi minne ya kula na minane ya kungoja. Hoteli inayomjali mwananchi wakati wa likizo za shule haitafunga jiko masika yakiingia.

Mgeni na aje, tena karibu sana. Ila na mwenyeji naye apone. Hadi wiki ijayo, kwaherini.