Chokoraa

Mvulana mwenye sweta lililotoboka viwiko akisimama langoni hapa Kiamunyi, Nakuru, bawabu haulizi katumwa na nani. "Toka, chokoraa!" Kumbe kaleta maziwa.

Zamani neno hili liliweza kumtaja mtumishi mdogo wa jikoni: mtu mwenye kazi. Siku hizi neno linatazama nguo tu, na linaumiza. Februari 2019, watoto walioitwa hivyo walizolewa usiku mjini Nakuru, wakaachwa katika msitu wa Chemasusu, Baringo, kwenye baridi kali. Seneti ya Kenya ikachunguza.

Mimi siliandiki tena neno hilo kumhusu mtu. Tunalo neno "mtoto", naye ana jina alilopewa na mamaye, aulizwe.